Chungu Kipya cha Ua la Sebuleni

Habari hii nilipewa na Mama Maua, yule anayeuza miche kando ya barabara ya hospitali, Jumanne iliyopita alipopita kwangu kupumzisha miguu. Nilimwekea karanga. Akaziangalia, akazisogeza pembeni. Akasema mkono wake unanuka, na mtu hali kwa mkono unaonuka. Nikaunusa. Kweli ulinuka. Ilikuwa harufu ya uji uliochacha na mdomo ambao haujapigwa mswaki, na alikuwa amekwisha kuusugua kwa sabuni, kwa jivu na kwa ndimu.

Ilikuwa hivi. Kuna nyumba ya mtu mmoja mwenye duka la vigae. Muuza vigae hukaa kwenye vigae, basi sebule yake ilikuwa nyeupe kuanzia sakafuni mpaka usawa wa dirisha, kama bucha jipya kabla nyama haijaingia. Hapo dirishani kulikuwa na ua. Ni la ukoo wa magimbi, lakini haliliwi, ni la kutazamwa tu, majani mapana kama sinia na mabua meusi. Kwao ni mahali pa tope, kwa hiyo hupandwa kwenye chungu kisicho na tundu, na mizizi yake hushinda majini bila kuoza. Lililetwa na mama yake muuza vigae, siku alipohamishwa kutoka kwake kuja kukaa kwa mwanawe. Alikuja na begi moja la nguo, na ua ndani ya ndoo.

Ua la namna hiyo lina ubaya mmoja, kwamba huwezi kulizidishia maji. Maua mengine ukiyazidishia hufa, na mtu akashika adabu. Hili halikumshikisha mtu adabu. Kila aliyekuwa na kitu cha majimaji mkononi alikimwaga humo, maana sinki lilikuwa mbali na chungu kilikuwa karibu. Maji ya mchele, chai iliyopoa, maji yaliyonawiwa baada ya kula, na mkamwana, mke wa muuza vigae, alipougua mafua, hata maji aliyojifukizia. "Lipe ua," walikuwa wakisema, "litakunywa." Nalo lilikunywa.

Yule mama, nami nitamwita bibi kama Mama Maua alivyomwita, alikuwa na meno ya bandia, ya juu na ya chini. Akilala aliyaweka kwenye kikombe cha maji kando ya kitanda. Asubuhi moja aliamka akakuta kikombe kikavu.

Walitafuta chini ya kitanda, wakatafuta ndani ya foronya. Mwisho mkamwana akasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni.

"Mama, umeyameza."

"Nimeyameza? Ya juu na ya chini?"

"Usingizini. Wazee humeza vitu."

"Basi tumbo langu lingekuwa linanitafuna," bibi akasema.

Mwanawe hakucheka. Akasema, "Labda umeyatupa mwenyewe, mama, ukasahau. Siku hizi unasahau."

Bibi alikuwa na akili zake zote, lakini mtu akiambiwa jambo kila siku na mwanawe mwenyewe, huanza kulitafuta ndani yake. Akawa anaomba radhi hata kwa vitu alivyovikumbuka.

Meno mengine hayakutengenezwa. Ikawa uji, asubuhi, mchana na jioni. Uji wa bibi ulihitaji subira. Kijiko kikiingia, nusu inarudi, kidevu kinafutwa, kijiko kingine. Mkamwana alikuwa mtu wa kinyaa. Alimlisha uso ukiwa umegeukia ukutani, na vijiko vitatu vikipita aliona kwamba bibi ameshiba. Uliobaki alilipa ua. Baadaye akaona safari ya kwenda chumbani haina maana, akawa anatoka nao jikoni moja kwa moja mpaka dirishani. Bibi alikuwa akipata chai na kile alichokumbukwa nacho.

"Mama amekula?" muuza vigae aliuliza kila akirudi.

"Amekula."

"Amemaliza?"

"Si bakuli hilo hapo, tupu?"

Bibi akakonda, ua likanenepa. Ncha za majani zikaanza kudondosha ute mzito mweupe, mkamwana akaufuta kwenye vigae kila asubuhi kwa tambara ambalo halikutumika kwa kazi nyingine. Baada ya chakula cha mchana ua lilibeua. Kisha ikaanza sauti ya kutafuna kutoka ndani ya chungu, na muuza vigae akaongeza sauti ya televisheni. Wageni walilisifu sana na kuomba vichipukizi.

Ijumaa chungu kikapasuka. Uji wa kijivu ulichuruzika kwenye ufa ukafika mguu wa kochi, ndipo mkamwana alipompigia simu Mama Maua.

Mama Maua alikuja na chungu kikubwa cha saruji, udongo mzito kwenye karai, na kisu chake cha kazi. Alitandika magunia juu ya vigae. Akapitisha kisu pembeni mwa chungu pande zote, akashika mabua chini kabisa, akavuta. Harufu ilitangulia kutoka. Mkamwana alikimbilia dirisha, akalifungua, akarudi akiwa amejiziba pua kwa mtandio.

Mizizi ilitoka ikiwa na umbo la chungu. Ilikuwa minene, ya rangi ya ufizi, na ilikuwa na joto. Uji ulikuwa umeshikana nayo tabaka juu ya tabaka, mwingine wa njano, mwingine wa kijani, kila mmoja na utando wake kama maziwa yaliyosahauliwa. Ndani yake mlikuwa na nywele zilizosukwa na makamasi, na punje za mchele zilizovimba kama funza, na funza pia. Katikati yalikuwa meno, ya juu na ya chini, yamekamatwa vizuri na mizizi, yanatafuna. Hayakuacha kwa sababu ya kuonwa. Yaliongeza mwendo, kama mtu aliyefumaniwa akila kwenye sufuria.

"Haya ni meno," Mama Maua akasema.

"Naona."

"Ya nani?"

"Dada, mimi nimekuita ubadilishe chungu."

Bibi aliisikia ile sauti, safari hii haina chungu cha kuizuia. Akatoka chumbani akishika ukuta. Mkamwana alitandika mfuko wa plastiki kwenye kochi kwanza, kisha akamkalisha.

"Nilikuwa naisikia kila siku," bibi akasema, maneno yakitoka na mate. "Nikadhani ni kichwa changu."

Akainama kutazama. "Hayo yangu. Lile la mbele lina ufa. Nililipasulia kwenye paja la kuku siku ya harusi yenu. Kuku wenu alikuwa mgumu, sikusema tu."

Mama Maua aliingiza vidole, akayavuta. Mizizi iliyaachia kwa sauti ya kiatu kinachotoka topeni. Akayaosha kwenye beseni kwa mswaki na chumvi, akabadilisha maji mpaka yakawa yanapitisha mwanga, akampa mwenyewe. Bibi akayavaa. Mashavu yakarudi mahali pake, akawa tena yule mama wa kwenye picha iliyo ukutani. Akasema neno la kwanza zima tangu ayapoteze.

"Nataka ganda la mkate. Lile gumu la mwisho."

Mkamwana akaenda jikoni. Muuza vigae alikuwa anaingia kutoka dukani. Akamtazama mama yake, akatazama meno, akakikumbuka kikombe ambacho aliwahi kukimwaga kwenye ua asubuhi moja bila kuangalia ndani.

"Kumbe," akasema.

"Kumbe sikuwa na wazimu," bibi akasema.

"Hakuna aliyesema una wazimu, mama."

"Ulisema."

"Nilisema unasahau."

Ua lilikuwa linaanguka. Jani moja moja lilijilaza kwenye vigae kama ulimi, na ute ulisambaa mpaka kwenye kiatu cha muuza vigae. Mkamwana alirudi na ganda la mkate kwenye kisahani, akasimama nalo mlangoni.

"Kesho mke wa mwenye kiwanda anakuja," akamwambia mumewe. "Anakuja kwa ajili ya hili ua. Nimeshamwahidi kichipukizi."

Mumewe alifikiri. Alikuwa akichukua vigae kwa huyo mwenye kiwanda. Kisha akaongea kwa sauti anayotumia dukani, mteja akilalamika kwamba vigae vya boksi moja havifanani.

"Mama, uji si unakushibisha?"

"Uji upi?" bibi akauliza.

Mama Maua alikuwa anakata mizizi iliyozidi, akaendelea kukata.

Muuza vigae akatandika kitambaa cha mkononi juu ya kiganja chake, asije akagusa mate, akakinyoosha mbele ya mama yake. Bibi aliutazama mkono ule kwa muda. Ulikuwa mkono wa mwanawe, na ulikuwa umeanza kuchoka. Akayatoa meno, akayaweka.

Mama Maua alifanya kazi aliyoitiwa. Alitia udongo nusu ya chungu, akasimamisha ua, akayarudisha meno katikati kama alivyoyakuta, akashindilia pembeni, akajaza maji mpaka juu. Majani yakainuka. Mkamwana akavunja lile ganda la mkate vipande vidogo na kuvipachika kwenye tope kimoja kimoja. Bibi alikifuata kila kipande kwa macho mpaka kikazama.

"Umelipanda vizuri," akamwambia Mama Maua, na sasa maneno yalikuwa yamelainika tena. "Limekaa wima."

Yaliyobaki Mama Maua aliyapata kwa bibi mwenyewe, kesho yake, alipofuata magunia yake na mgeni ameshaondoka na kichipukizi chake. Jioni ile ya kubadilisha chungu mkamwana alikuwa wa kwanza kujilaza, kichwa kikimuuma kwa uvundo. Muuza vigae alifuta sebule mara ya pili, akanusa vidole vyake, akavifuta kwenye pazia, akaenda kulala. Bibi alibaki kitandani, mlango wazi, kikombe kikavu kando yake.

Ua lilikuwa linatafuna. Mkate mkavu unataka utulivu, nalo halikuwa na haraka. Bibi akafungua mdomo na kuufunga, akafungua na kuufunga, akienda nalo sawa ili asiachwe nyuma. Lilipomeza, naye akameza. Mwisho ua likabeua, na bibi akalala.