Mwaka Waliopaka Rangi

Chintan alimsubiri Zahoro nje ya kibanda cha kahawa, mtaa wa Narung'ombe, saa ile ya mchana ambayo kila mwenye akili yuko kivulini. Alikuwa anazungusha funguo za gari kwenye kidole kama mtu asiye na haraka. Zahoro akajua kuna jambo. Mtoto wa mwenye jengo hamsubiri mtu juani kwa salamu tu.

"Shikamoo, mzee Zahoro."

"Marahaba. Baba hajambo?"

"Hajambo. Kesho anashuka. Anataka kukaa barazani asikie unavyokisema kitabu chake." Chintan akazishika funguo, zikanyamaza. "Sasa mzee wangu, mimi sizunguki. Ile baraza ina mpangaji tayari. Anaweka vioo, kiyoyozi, anauza vifaa vya simu. Baba ndiye anayekataa. Anasema wasomaji wanalipa jengo heshima. Kesho akipewa heshima yake, mimi nanyamaza, Salma anaendelea na vitabu vyake. Akiaibishwa, Jumatatu fundi vioo anakuja kupima. Umenielewa?"

"Nilikuelewa toka uliposema shikamoo," Zahoro akasema, na kibandani hakuingia tena kunywa kahawa.

Lazima mtu aijue ile baraza ndipo ajue alichokuwa ametishwa nacho. Salma, aliyekuwa akiuzia pale, alirithi biashara ya vitabu vya mitumba kwa baba yake, na pamoja na vitabu alirithi desturi. Kila Jumamosi baada ya alasiri Zahoro husimama mbele ya watu na kusema vitabu alivyosoma. Akimaliza kukisema kimoja, anakiweka mahali. Kikienda mezani, maana yake nunua. Kikienda kwenye gunia lililotandikwa sakafuni, maana yake usipoteze pesa zako. Hakuna mahali pa tatu. Na watu walimwamini, kwa sababu mchukuzi akinunua kitabu kibovu leo, hatanunua kingine mwaka mzima, na Zahoro alikuwa mchukuzi kabla mgongo haujamkatalia. Shule aliiachia darasa la saba. Yaliyobaki aliyasoma mwenyewe, akigombana na kila ukurasa.

Hasira yake Kariakoo nzima iliijua. Ndiye aliyewahi kuwakusanya wapangaji, ndiye aliyesimama kwenye mikutano mpaka wenye mikutano wakaacha kumpa kipaza sauti. Kwa hiyo Mzee Rajnikant, mwenye jengo, alipotoa kitabu cha maisha yake, chenye picha ya jengo lenyewe kwenye jalada, mtaa ukaanza kusugua viganja. Beno muuza mikanda alisema wazi: Jumamosi hiyo mtu asikose.

Tabu ni kwamba kitabu kilikuwa kizuri.

Zahoro alikifungua akitafuta ugomvi, akakuta mzani wa shaba wa duka la baba, harufu ya magunia ya pilipili manga, na bibi harusi Sarla aliyeshuka kutoka Tanga akiongea Kiswahili kilichonyooka kuliko cha mama mkwe, kila mtu dukani akaona haya. Alicheka peke yake chumbani. Kwenye kifo cha yule baba alikiweka chini, akaenda kunawa uso. Yaani mtu unayetaka kumchukia anakuliza, halafu unakasirika mara mbili.

Halafu akafika ukurasa ule.

Kuhusu ukurasa ule hakumwambia Salma. Alimwambia kizuri tu, na jioni ile ya Ijumaa, Salma alipokuwa anafunika vitabu kwa turubai, habari za Chintan zilikuwa zimeshamfikia.

"Mjomba, si umesema mwenyewe ni kizuri?"

"Ni kizuri."

"Basi kesho sema hivyo, uweke mezani, uketi. Sikuombi uongo."

"Hujaomba uongo."

"Mimi nikitoka hapa narudi barabarani. Unakumbuka nilivyokuwa barabarani, nafukuzwa huku, nafukuzwa kule, vitabu vinaliwa na jua?" Alikaza kamba ya turubai kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. "Sema kizuri, basi."

"Nitasema kizuri," Zahoro akasema.

Jumamosi baraza ikajaa mpaka watu wakasimama barabarani. Mzee Rajnikant alishuka ngazi polepole, shati jeupe limepigwa pasi, Sarla nyuma yake amebeba mto wa kiti. Zahoro alimwamkia, mzee akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyekuwa anasubiri matokeo ya mtihani. Chintan hakukaa. Aliegemea nguzo, mikono kifuani.

"Mzee, leo mchane," Beno akanong'ona Zahoro alipompita. "Tunataka damu."

Zahoro akaanza na kitabu cha mpelelezi.

"Huyu mpelelezi kazi yake kuvuta sigara na kushuka kwenye magari. Muuaji nilimjua mapema, ndiye pekee aliyekuwa mpole. Na mwisho anapatikana kwa sababu ameamua kukiri mwenyewe, amechoka kusubiri. Lakini uchochoro wameuandika, jamani, unasikia mtaro unavyonuka. Nimesoma nimeziba pua." Akakiweka mezani. "Kwa ajili ya mtaro."

Watu wakacheka. Akachukua cha mapenzi.

"Binti anampenda daktari. Daktari anampenda binti. Wazazi wote wawili wanataka. Sasa kinachowatenganisha kurasa zote hizi ni nini? Simu imeisha chaji." Kikaenda kwenye gunia.

"Mjomba, we mapenzi huyajui," akasema Zulekha, msusi wa ng'ambo ya barabara, ambaye alikuwa amekilia kitabu hichohicho. "Mimi kimenichoma."

"Inawezekana mapenzi siyajui. Lakini chaja naijua, na daktari hawezi kukosa ya kuazima."

Kilichofuata kilikuwa cha kukufundisha utajiri, na hapo sauti ikabadilika. "Kinasema amka saa kumi alfajiri, utafanikiwa. Wachukuzi wa hapa sokoni wanaamka saa nane usiku. Wapo hapa, waangalieni. Kitabu hiki kinamwambia mtu aliyebanwa kwamba amebanwa kwa sababu analala. Aliyekiandika, nina hakika, anaamshwa." Hakukiweka kwenye gunia, alikitupa juu yake.

Cha mapishi akakisifu nusu. Alisema sura ya pilau imeandikwa na mtu anayepima chumvi kwa gramu utafikiri anauza dhahabu, lakini sura ya samaki imeandikwa na mtu aliyesimama Feri mafuta yakimrukia mikononi. Kikaenda mezani.

Kikabaki kimoja. Hata muuza maji akaacha kugonga chupa.

Zahoro akakishika kile cha picha ya jengo. Alimwona Salma, amesimama nyuma ya meza, kiganja juu ya vitabu kama anavizuia visiruke. Alimwona Chintan.

"Hiki," akasema, "kimeandikwa na mtu aliyependa alichokiona." Akasoma kipande cha mzani, jinsi mtoto Rajnikant alivyoambiwa na baba yake aondoe kidole kwenye sahani ya mzani, na jinsi kile kidole kilivyomwasha siku nzima. Akasimulia Sarla na mama mkwe, na Sarla akainamisha uso akicheka kimyakimya. Akasema juu ya kifo cha baba, kwamba kimeandikwa bila kelele. "Nimesoma vitabu vingi vya watu wakubwa wanaojisifu. Huyu hajisifu. Kizuri. Kinaenda mezani."

Alikisogeza.

"Mzee kalamba asali," Beno akasema, si kwa kunong'ona, na watu wawili watatu wakaguna. Maneno yale yalimpata Zahoro mahali palipo wazi, lakini alivumilia. Chintan alishusha mikono kutoka kifuani. Salma akapumua. Ilikuwa imekwisha.

"Ngoja," akasema Mzee Rajnikant.

Alikuwa ameegemea mbele, mikono juu ya magoti.

"Mpelelezi umemkosoa. Cha mapenzi umekikosoa. Hata pilau umeikosoa. Changu hakina kosa?"

"Nimesema kizuri, mzee."

"Nimesikia. Nimekaa dirishani pale juu miaka yote nakusikiliza, Zahoro. Sijawahi kukusikia ukisifu kitabu moja kwa moja. Mimi umenipaka mafuta. Kwa nini? Kwa sababu jengo langu?" Sauti yake ilianza kutetemeka, na haikuwa hasira tu. "Nimeandika mpaka macho yakauma. Nikosoe na mimi kama wengine. Kipi kilikukwaza?"

"Papa," Chintan akasema, "mzee ameshamaliza."

"Wewe nyamaza, hujakisoma."

Zahoro aliona kosa lake hapo, na ni kosa ambalo pengine barazani pale tu mtu angeweza kulifanya: alimtukana mwandishi kwa kumsifu. Akamtazama Salma. Salma alikuwa anatikisa kichwa, taratibu sana, mara moja kulia, mara moja kushoto. Neno moja lilitosha. Hakuna. Hakuna kilichonikwaza, mzee, nenda kapumzike.

Akakichukua tena kitabu, akafungua ukurasa ule.

"Hapa umeandika, 'Mwaka wa mvua kubwa tulipaka jengo rangi upya.' Sentensi moja. Ndiyo mwaka wote huo."

"Ndiyo."

"Mvua kubwa ipi, mzee?"

"Ya elinino."

"Elinino. Maji mtaa huu yalifika magotini. Watu walibebwa mgongoni kuvuka Msimbazi. Nani anapaka rangi jengo mwaka wa elinino?"

Kicheko kikalipuka, hasa kwa vijana. Beno alipiga mapaja. Lakini wakubwa hawakucheka, na kicheko kikafika kwao kikazimika, vijana wakaanza kutazamana wakiuliza kuna nini.

"Rangi ilipakwa," Zahoro akasema. Sasa hakuwa anasoma. "Ilipakwa vyumba vya uani, mvua ilipokata, vikiwa vitupu. Kabla ya hapo vilikuwa na watu. Kodi ilipanda, tukaandamana mpaka kwenye ngazi zile, mimi nikiwa mbele na domo langu. Siku ya pili yake vitu vikawa nje. Mama yangu alikuwa anapika vitumbua uani pale. Makarai yake yalielea, mzee. Yalielea mpaka pale kwenye kona, mimi nayakimbiza. Tulihamia Buguruni, na mpaka anakufa mama hakukanyaga tena Narung'ombe, hata akienda sokoni alizunguka. Kitabu chako kina kidole cha mtoto kwenye mzani kurasa nne. Mwaka ule una ndoo ya rangi."

Sarla alikuwa ameutoa mto mgongoni kwa mume wake, ameupakata.

"Nilikuambia, Raju," akasema kwa upole. "Nilikuambia hiyo itaonekana."

"Ni kitabu cha familia yangu," mzee akasema.

"Na wale walikuwa familia," akasema Zahoro.

"Basi, imetosha," Chintan akaja mbele. "Mkutano umekwisha. Tawanyikeni."

Lakini Mzee Rajnikant aliinua mkono, mwanawe akasimama alipokuwa. "Hajakiweka. Kimeguswa tena, lazima akiweke tena. Si ndiyo desturi? Weka."

Watu walisogea. Zahoro alikuwa na kile kitabu mkononi, na kwa mara ya kwanza miaka mingi hakujua mkono wake unakwenda wapi. Gunia lilikuwa karibu. Beno alikuwa analitazama gunia kama mtu anayetazama mpira langoni.

"Mezani," Zahoro akasema. "Mwongo hodari angeuruka mwaka ule, tusingejua. Huyu ameutaja. Amefika mlangoni, akashindwa kuingia, akashindwa na kuondoka. Kinunueni, mkifika hapo mtaona mtu amesimama."

Akakiweka.

Mzee Rajnikant alinyanyuka. Sarla alitaka kumshika mkono, akakataa. Alitembea hadi mezani, akakichukua kitabu chake, akalitazama lile jalada, kisha akainama, kwa tabu, goti likilia, akakilaza kwenye gunia juu ya kile cha utajiri. Hakumtazama mtu. Akapanda ngazi. Kama ilikuwa toba au ilikuwa kiburi cha mtu asiyetaka kusamehewa hadharani, Zahoro hakuweza kulijua hilo, na hakumfuata kuuliza.

Chintan alisubiri mpaka mlango wa juu ufungwe.

"Jumatatu," akamwambia Salma.

Na Jumatatu fundi akaja kweli, na futi yake ya chuma, akapima nguzo hadi nguzo huku anapiga mluzi. Dirisha la juu lilikuwa wazi. Hakuna aliyechungulia. Salma alikuwa anapanga vitabu kwenye maboksi ya sabuni, vya hadithi huku, vya shule kule, na Zahoro aliposogea kumsaidia akamwambia asiguse.

"Ulikuwa umeshamaliza," akasema. "Umeshakiweka mezani. Neno moja, mjomba."

"Aliniuliza."

"Alikuuliza. Na mimi Ijumaa nilikuwa nakuomba, au nilikuwa naongea na turubai?"

Zahoro alikuwa na majibu. Mtu wa mikutano hakosi majibu. Yalimjia yote mdomoni, ya mama yake, ya haki, ya makarai, na kila moja lilikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa na kivuli cha kumkinga Salma jua. Akayameza.

Fundi aliomba boksi moja lisogezwe. Salma akalisogeza kwa mguu. Kisha akachagua vitabu vinne, bila kuangalia sana, akavifunga kwa mpira na kumsukumia Zahoro tumboni kwa nguvu, mpaka akarudi nyuma hatua.

"Jumamosi tuko kona ya mtaa wa Sikukuu, ng'ambo ya duka la mabati. Nimeshaongea na watu wa pale."

"Salma."

"Sijamaliza kukasirika. Visome." Akarudi kwenye maboksi. "Na uje na kofia, pale jua linapiga mpaka magharibi."