Ukurasa Alioruka Dative

Kila asubuhi, akishampa Bwana Tilley vidonge vyake na kumfunga vifungo vya sweta, Dative alisogeza kiti karibu na dirisha akamsomea. Mzee alikuwa na miaka tisini na moja, macho yamezima kabisa, na katika ile nyumba ya mtaa wa Perry Barr, huko Uingereza, hakuishi na mtu. Alichotaka kusomewa ni kimoja tu: shajara ya babu wa baba yake, Daktari Josiah Tilley, aliyeondoka Uingereza akiwa kijana akawa tabibu wa mfalme katika visiwa vidogo vya Bahari ya Pasifiki. Alipokuwa akiona, mzee hakuwa na haraka nayo. Sasa alikuwa ameiahidi kwa jumba la makumbusho, wangekuja kuichukua mwisho wa mwezi, na hakutaka iondoke kabla hajaisikia yote.

Dative naye aliionea hamu. Alikuwa muuguzi huko kwao Uvira, kando ya ziwa, kabla ya ukimbizi kumfanya mtunza wazee, na alimwona yule daktari kama mwenzake wa kazi. Walicheka pamoja mfalme alipong'olewa jino mbele ya wakuu wake wote akamng'ata daktari kidole. Walinyamaza pamoja daktari alipowazika wanawe wawili katika mchanga wa kule. Daktari alijifunza lugha ya visiwa kwa mama mmoja mfua bandeji, akatembea kijiji hadi kijiji na sanduku lake kichwani.

Siku moja ya Jumanne wakafika mahali meli ilipoleta ndui. Dative alisoma mistari miwili kwa sauti, jicho likatangulia, ulimi ukasimama.

Daktari aliandika kwamba dawa yake ya chanjo ilikuwa imeharibiwa na joto. Alijua, maana alimchanja mwanawe wa mwisho na mkono haukuota hata kipele cha kuonyesha chanjo imeshika. Lakini watu walikuwa wamejipanga mlangoni wakilia. "Nikawachanja wote, mia tatu na kumi, kwa maji yasiyo na nguvu, nikawaambia hawatadhurika. Nilitaka watulie. Wakaenda kuwauguza ndugu zao bila hofu." Chini yake aliandika hesabu ya makaburi.

"Endelea, Dative," mzee akasema.

"Anasema... aliwachanja mpaka mikono ikamuuma. Wengi walipona."

Akafunua ukurasa.

Haikuwa huruma kwa mzee. Dative alijua vizuri kwa nini mdomo ulikataa. Miaka kumi na miwili nyuma, risasi zilipoanza kulia upande wa ziwa, wagonjwa sita wa wodi yake walimtazama, na mama mmoja aliyejifungua siku ile akauliza, "Infirmière, muuguzi wetu, unatuacha?" Akajibu, "Hapana, mama. Naenda kuchukua chupa ya serumu ya kukutundikia, narudi sasa hivi." Akatokea mlango wa jikoni ya hospitali, akamchukua mtoto wake mwenyewe aliyekuwa kwa jirani, hakusimama mpaka ng'ambo ya mpaka.

Siku ya pili mzee alimwambia achukue kalamu, amwandikie kadi ya kuwekwa kando ya shajara. Alikuwa amechangamka kama bwana harusi. "Andika: Aliwatibu miaka thelathini na moja, na hakuwadanganya kamwe."

Dative aliandika.

Alimweleza Kendi, Mkenya anayefanya naye kazi katika wakala mmoja wa kutunza wazee, wakiwa kwenye basi namba kumi na moja.

"Kitu hii inanikula roho, Kendi. Nimeandika uongo na mkono yangu."

"Dative, wacha," Kendi akasema. "Job yako ni dawa, chai, umuoshe, uende home. Huyo daktari alikufa kitambo. Sasa utavunjia mzee moyo ndio iweje?"

"Na wale watu mia tatu?"

Kendi aliangalia nje. "Hao pia walikufa kitambo," akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

Alhamisi Dative hakungoja hata chai. "Bwana Tilley, kuna ukurasa niliuruka." Akausoma wote, pamoja na makaburi, bila kupunguza neno. Kisha, kabla hajaulizwa, akamweleza habari ya wodi ya Uvira.

Vidole vya mzee vilisugua goti.

"Ulinifanya nifurahi juu ya watu waliokufa," akasema mwishowe.

"Ndiyo. Nisamehe."

"Hilo ulilonikosea mimi nitaliangalia. La wale waliodanganywa si langu kusamehe, liwe kosa la babu au lako." Akanyoosha mkono hewani. "Lete kadi nyingine. Andika: Aliwatibu miaka thelathini na moja. Mwaka mmoja aliwadanganya, wakafa, naye siri hiyo akaiandika humu tu. Ukurasa wenyewe ni huu." Alipomaliza alionekana kazeeka zaidi. "Na hao sita wako, nani yu hai?"

"Sijui. Sijawahi kuuliza."

"Miaka kumi na miwili?"

Mzee akamwambia anataka kulala, ingawa ilikuwa saa nne ya asubuhi, na wiki nzima iliyofuata alizungumza naye habari za vidonge na maji ya kuoga tu.

Jumapili baada ya wiki hiyo, ibada ilipokwisha, Dative alisimama kwenye njia ya miguu pale mtaa wa Lozells, mbele ya duka la mboga, akampigia Déborah, binamu yake aliyebaki Uvira. Aliongea haraka, akiuliza habari za wagonjwa wake sita, asije akaghairi na kukata simu. Déborah alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni muda mrefu, Ya Dative, dada yangu," akasema. "Wengine walikimbia, wengine... Lakini nitauliza. Unakumbuka hata jina moja?"

Dative akamtajia yote sita, na vijiji vyao, na namba ya kitanda cha kila mmoja.