Ngazi ya Saba

Haya niliambiwa na mjane mwenyewe, mwaka juzi wakati wa baridi, tumekaa kwenye benchi la zahanati tukingoja kupimwa presha. Foleni ilikuwa imelala. Yeye si mtu wa maneno mengi, ndiyo maana nikajua hili limemkaa kooni siku nyingi.

Mumewe alikuwa mwashi. Nyumba za watu alizijenga zikanyooka kama uzi, lakini mganga hajigangi. Nyumbani kwake mwenyewe ngazi zilikuwa kumi na mbili, kutoka sebuleni mpaka juu, na ya saba aliikosea. Ilizizidi nyingine kimo kwa vidole viwili. Siku anaimwagia zege aliitwa mbio, mkewe kashikwa na uchungu. Akatupa mwiko chini, akakimbia. Aliporudi na habari ya mtoto wa kiume, zege lilikuwa limeshashika. Hakulivunja.

"Iache," alisema. "Hiyo ni siku ya mwanangu."

"Na mimi nitaipanda siku ya mwanao kila leo na ndoo kichwani?" mkewe alimwuliza.

"Mteja, kazi ikishapokelewa hairudishwi."

Ndivyo walivyoitana, Fundi na Mteja, miaka thelathini na minne, na miguu yao ikaizoea ngazi ile. Kila baada ya chakula cha mchana Fundi alipanda kujinyoosha kwenye chumba kidogo cha juu. Ndara zilijiburuta pa, pa, pa, mpaka sita. Hapo alisimama, akaguna "hup!", akainua mguu, kisha akamalizia zilizobaki. Mteja alikuwa chini anaosha vyombo, wala hakuinua kichwa.

Fundi akafa. Ugonjwa wa siku nne tu. Mjane, ambaye magoti yalishaanza kumgomea, akahamia chumba cha chini, kile ambacho ngazi zimeegemea ukuta wake. Mwanawe na mkewe wakakaa juu. Chumba cha mchana cha Fundi kikabaki kimefungwa, na kitanda chake na sanduku la vifaa humo ndani.

Wiki ya tatu, saa nane mchana, jua limewaka mpaka sakafuni, vijana wote wawili wako kazini, mjane amejilaza. Akasikia ndara. Sita. Kimya. "Hup." Kisha nyingine. Kisha mlango, na kitanda kikalia.

Hakupiga kelele. "Ningempigia nani?" aliniuliza pale kwenye benchi. "Mtu amerudi kwake." Jasho jembamba lilimtoka, ndiyo. Lakini siku ambayo ndara zilichelewa, alitokwa na jingi zaidi. Hakumwambia mtu. Na ile hup ndiyo iliyomtuliza, kwa sababu ilimjulisha kuwa ni yeye na si kitu kingine. Vitu vingine navyo hutembea.

Mambo yangeendelea hivyo, ila mkwe wake akapata mimba. Ilipofika miezi saba akapewa likizo. Asubuhi moja alikuwa anashuka na beseni la nguo, mguu ukaikuta ngazi ya saba kabla hajaitegemea. Akaanguka kitako, beseni likamtangulia mpaka sebuleni. Mtoto tumboni alikuwa salama, lakini mama yake hakuzigusa tena ngazi mpaka jioni.

Mwana akamwita mwashi aliyefanya kazi na marehemu, mzee waliyembandika jina la Timazi kwa jinsi alivyochukia kitu chochote kilichopinda. Mzee aliweka pima maji yake juu ya ngazi, akachuchumaa, akapiga mluzi.

"Shemeji! Miaka yote hii mnapanda kilema hiki?"

"Haiguswi," mjane alisema.

"Mama, ni kosa la ujenzi tu," mwana akaingilia.

"Basi na wewe ni kosa. Mlizaliwa siku moja."

Timazi alicheka mpaka akashika ukuta. Mwana hakucheka. Mkwe alikuwa amekaa kwenye kochi, mkono juu ya tumbo.

"Mama," alisema taratibu, "mmoja anaiita kilema, mwingine kosa. Kwangu mimi ni mtego. Sikuzaliwa humu. Mguu wangu hauijui. Nikianguka tena, utaniokota wewe, na magoti hayo?"

Mjane alimtazama miguu. Ilikuwa imevimba, na ukucha wa kidole gumba umevilia damu. Aliyekufa havunjiki, alijiambia. Aliye hai huvunjika, na hapa wako wawili. Akikataa, na huyu akaporomoka, kesho saa nane atazisikiliza ndara zile kwa sikio gani?

"Chongeni," alisema, akaingia chumbani asisikie nyundo. Akaisikia yote.

Plasta iliachwa ikauke siku tatu, hakuna aliyepanda. Mkwe alilala chini na mjane, mwana kwenye kochi. Saa nane zilipita kimya. Siku ya nne mwana akaenda kazini, mkwe akarudi juu kupumzika, na mjane akajilaza, macho kwenye ukuta.

Pa, pa, pa. Sita. Kimya. "Hup."

Kisha, puu!

Mguu ulioinuliwa ulikosa pa kukanyaga, ukashuka kwa kishindo. Chokaa ikadondoka kwenye mto. Ukutani, sentimita chache tu kutoka sikioni pake, mtu alikuwa anahema. Alihema kitambo. Kisha ndara zikageuka, zikashuka polepole, moja moja, mpaka chini. Kitanda cha juu hakikulia.

Kesho yake vilevile. Kesho kutwa yake, mkwe aliita kutoka juu, "Mama! Umeanguka?"

"Sufuria tu, mwanangu."

Lakini hakuwa na sufuria. Alikuwa na mikono mitupu, amekaa kitandani, na ameshaelewa alichofanya. Amemfungia mtu nje ya kitanda chake. Mwashi mzima anajikwaa nyumbani kwake kama mgeni, na hana wa kumweleza kwa nini.

Siku iliyofuata hakujilaza. Alikaa chini ya ngazi kwenye kigoda, na hizo ngazi alikuwa hajazipanda zaidi ya mwaka. Saa nane ilipofika, ubaridi ulikuja ukasimama ubavuni pake. Harufu ya saruji mbichi ikamjaa puani, ingawa plasta ilikwisha kauka. Alinyanyuka, akashika ukuta.

"Twende, Fundi," alisema. "Usimlaumu mwanao. Mimi ndiye niliyesema wachonge."

Wakapanda. Yeye goti likilia, zile ndara zikijiburuta nyuma yake. Kwenye ya sita zilisimama. Alisikia pumzi ikivutwa.

"Usiinue. Hapa sasa unaburuta, kama kwingine. Kaichonga Timazi, na yule unamjua, hana mzaha. Nitazame mimi."

Akapeleka mguu mbele kumwonyesha. Mguu ule ukaenda juu kwa mazoea yake ya miaka thelathini na minne, ukakosa kitu, ukashuka puu! Alidaka ukuta kwa mikono miwili. Akabaki pale, akicheka bila sauti huku machozi yakimtiririka.

"Hata mimi, Fundi. Hata mimi."

Ndipo ubavuni pake ndara moja ikateleza juu ya ngazi ya saba, taratibu, kama mtu anayepima maji kwa kidole. Pa. Ikampita. Ya nane. Ya tisa. Mpaka juu. Mlango. Kitanda kikalia.

"Mama?" Mkwe aliita nyuma ya mlango wake, sauti nzito ya usingizi. "Mnapanda wangapi?"

"Ni mimi tu, mwanangu. Lala."

Mkwe akashusha pumzi, akalala.

Mjane alikaa palepale. Alipapasa ngazi ya saba, akapapasa ya sita, mkono haukuona tofauti. Kesho saa nane zitapita hatua kumi na mbili zinazolingana, bila hup, na zinaweza kuwa za mtu yeyote. Hatakuwa tena na cha kumjulia. Aliegemeza kichwa ukutani, akasikiliza kitanda cha juu kikilia mara moja, mara mbili, mpaka kikatulia. Usingizi ukamchukua hapohapo.