Ngazi ya Mama Mariat

Mimi, Joash Otiende, sijawahi kujenga ngazi mbaya. Ukiambiwa vinginevyo Mbale, usiamini. Mafundi wengine wakipewa nafasi finyu huweka ngazi ile ile ya kila siku, na ikiisha, ngazi imekula duka lote, mwenye duka anauzia barabarani.

Mwaka wa sabini na nne nilitoka Jinja na mbao zangu za mvule kwa sababu Mama Mariat, mjane muuza vitambaa, aliniita. Duka lake lilikuwa jembamba, ukipiga chafya unagonga ukuta. Yeye na watoto wake wanne walilala darini, wakipanda kwa kukanyaga meza na masanduku.

Nikamtengenezea ngazi ya vidato nusu. Kila kidato nimekikata upande mmoja: hiki kinabeba mguu wa kulia tu, kinachofuata cha kushoto tu, hivyo hivyo hadi juu. Ngazi ya namna hiyo inasimama karibu wima, haili hata futi nne za sakafu, na bado mtu anapanda bila kugonga magoti. Sharti ni moja: uanze na mguu unaotakiwa.

"Basi uwe wa kulia," akasema Mama Mariat. "Siingii chumbani kwangu kwa kushoto, mimi Mwislamu. Na nikianza kushuka, uwe wa kulia pia."

"Kupanda kulia, kushuka kulia? Mama, unaagiza ngazi au muujiza?"

Lakini nilikaa chini nikapiga hesabu. Vidato kumi na kimoja: cha chini kabisa kulia, cha juu kabisa, kilicho sawa na sakafu ya darini, kulia. Hebu niambie ni fundi gani mwingine angefikiria hivyo!

Siku niliyokuwa napiga msasa mkono wa ngazi, akaingia Sajini Apollo. Wakati ule wa utawala wa jeshi, afande akiipenda nyumba, ni yake. Wewe unapewa nafasi ya kukunja godoro, basi.

"Mama, hii duka nzuri," akasema. "Nataka kuona juu. Kama juu iko sawa, kesho mimi nahamia."

Mama Mariat akashika meza. Juu watoto waliokuwa wakikimbizana wakasimama. Majirani wakajaa mlangoni, na miongoni mwao Nasuru, muuza viatu, ambaye alikuwa ameniagiza ngazi kama ile ile.

Sajini akasimama mbele ya ngazi, akanyoosha mgongo, akaanza na mguu wa kushoto. Angeanza na upi? Miaka yote ya gwaride ni kushoto kwanza! Kidato cha pili akalazimika kuvusha mguu mbele ya mwenzake. Cha tatu akavusha tena. Cha nne buti likabanwa kati ya kidato na ubao wa ubavuni, na miguu yake ikawa imesukana kama nywele za msichana wa shule. Akaikumbatia ngazi kwa mikono miwili. Kupanda hawezi, kushuka hawezi.

"Fundi! Hii ngazi gani hii? Mguu yangu iko wapi?"

Jamani, ulimi uliniwasha! Maneno matatu tu, "anza na kulia," na angefika juu akisifu kazi yangu mbele ya mtaa mzima. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ndipo nikamwona Mama Mariat ananitazama. Hakukonyeza, hakutikisa kichwa. Alikuwa analia bila sauti.

Nikafunga mdomo. Nikalegeza kamba za buti, nikamshusha taratibu kama kabati la vioo. Mlangoni watu walikuwa wanauma midomo, maana kumcheka afande kulikuwa na gharama yake.

"Wewe umejenga namna gani?" akafoka.

"Nimekosea, afande."

"Sema kwa nguvu. Wote wasikie."

"Nimekosea! Mimi fundi bure kabisa! Hata banda la kuku siwezi!"

Hilo la kuku hakunilazimisha mtu. Lilitoka lenyewe, kwa uchungu.

Sajini akajipangusa magoti. "Mama, kaa na nyumba yako. Mimi sitaki kuvunjika shingo." Akavaa buti lake, akaenda zake.

Majirani wakatawanyika. Nasuru alibaki nyuma, akaitazama ngazi juu hadi chini, akatikisa kichwa.

"Fundi, ile yangu acha tu. Nitamtafuta mtu anayejua kazi."

Wallahi nilitaka kumkamata shati nimpandishe na kumshusha mara kumi! Lakini Nasuru na siri ni maji na gunia. Kabla ya jioni kambi yote ya jeshi ingejua jinsi ya kupanda.

"Una haki, bwana," nikamwambia.

Juu ya vichwa vyetu watoto wa Mama Mariat walikuwa wameanza tena kukimbizana kwenye mbao.