Vilengeo vya Alois

Kwa maneno ya jirani yake, Bi Zdena, Jumamosi ile Alois alipiga risasi kumi na zote zikaruka ukuta wa kiwanja cha shabaha, moja ikamwangusha kunguru. Zdena hakuwepo. Kunguru naye hakuwepo. Alois aliposikia habari hizo kwa mwoka mikate, aliona zina heshima kuliko ukweli, akaziacha ziende zake.

Ukweli ulianzia machoni. Kwa miaka sitini na minne macho yake yaliona mbali: njiwa juu ya mnara wa kanisa angekuhesabia. Kilichomshinda ni cha karibu. Kile kinundu cha chuma mwishoni mwa bastola, ambacho mlengaji hukipanga katikati ya pengo la nyuma, kilikuwa kimeota manyoya.

Basi akaanza kuhangaika na vilengeo, yaani kinundu hicho na pengo lake. Alikipaka kinundu rangi ya kucha ya mkewe, akapata manyoya mekundu. Akanunua kinundu chenye uzi wa kijani unaong'aa, akaona nyuzi mbili, na kila mara akachagua isiyokuwepo. Akalitanua pengo kwa tupa hadi mkokoteni ungepita. Mwishowe mkewe, Hedvika, akampima kwa utepe wa kushonea kutoka jichoni hadi kwenye kinundu: sentimita sabini na moja. Akatengenezewa miwani ya umbali huo huo.

Kinundu kikasimama wima, safi kama jino la mtoto. Ila kila kilichokuwa mbele yake kiligeuka uji. Jumamosi hiyo Alois alipiga kumi kwa raha ambayo hakuwa ameionja miaka mingi, akaenda kuikagua karatasi yake akitembea kama bwana harusi. Haikuwa hata na tundu moja. Ya Vendelín, mwanachama mwenzake aliyepiga mstari wa pili, ilikuwa na matundu ishirini.

Risasi iliyopigwa kwa mwenzio ni sifuri, ndiyo sheria. Vendelín alimshukuru kwa upole, akasema yeye huwa anajipigia mwenyewe.

Hapo mwenyekiti wa chama akamvuta kando. Orodha ya watu watano watakaokipigania chama katika shindano la Mtakatifu Martin, ambalo zawadi yake ni bata bukini, ingefungwa Alhamisi adhuhuri. Alois alikuwemo miaka ishirini na sita. Asubuhi ya siku hiyo angepewa risasi kumi na kilengeo chochote apendacho. Asipofikisha alama themanini kati ya mia, jina lake litoke.

Dawa aliijua. Ni kile kioo kidogo chenye nukta nyekundu: unatazama shabaha kule mbali, nukta inakaa juu yake, kinundu hukihitaji tena. Lakini kuichonga bastola ipokee kioo kungechukua wiki tatu, na katika chama kizima mwenye nacho alikuwa Vendelín peke yake, kwa mwaka wa sita sasa. Miaka yote sita Alois alikiita runinga, akimwuliza mwenzake mbele ya watu leo kuna filamu gani. Tena ni yeye aliyewashawishi wanachama wanyooshe mikono kwamba siku za mashindano wenye vioo wapige mwisho, watu wakishaanza kunywa. Aliwatukana wakunga, na uzazi ukamfika.

Jumatano alasiri Hedvika akamfungia vitumbua vya plamu, akamwambia asimeze maneno njiani. Vendelín alikuwa kwenye ghala lake la divai chini ya ardhi, akisafisha mipira ya kupitishia divai.

"Mlango umeupata mwenyewe," akauliza bila kugeuka, "au Hedvika amekuelekeza?"

"Nilianza kwa jirani yako. Akaniambia ninayemtaka ni wa pili."

Vendelín akacheka puani. Akachukua kitumbua, akala chote, akajipangusa vidole kwenye suruali. Alois alikuwa amejiandalia dondoo za hotuba, kuhusu urafiki, umri, na tofauti ya mizaha na dharau. Zikamtoka zote kichwani, akabaki ameshika kofia.

"Vendo," akasema, "nimekucheka miaka sita kwa macho niliyokuwa nayo wakati ule. Sasa sina. Niazime bastola yako kesho asubuhi. Risasi kumi tu."

Vendelín akalifungua bomba, akaachia maji yapite katika mpira, akainama kutazama yanavyotoka upande wa pili: bado yalikuwa na wekundu wa divai. "Njoo uichukue kesho mapema," akasema, "kuna filamu ya risasi kumi."