Mtoto wa Tarehe Kumi na Tano

Jumatatu saa nane mchana, mtunza kanzidata wa idara ya makazi aliwasha kwenye kompyuta kanuni aliyoiandika mwenyewe: mtu hawezi kuwa na nyumba mbili kwa wakati mmoja, wala mtoto hawezi kuzaliwa siku ambayo mama yake hana makazi. Wapangaji hewa walikuwa wamemchosha. Alimaliza chai yake, akafunga ofisi, akarudi nyumbani. Alimkuta binti yake wa miaka sita, aliyeitwa Chiriku kwa sababu ya maneno yake mengi, amesimama nje na begi la shule mgongoni.

"Mama, mlango unanikataa."

Mlango ulikuwa wazi. Mama alimvuta mkono, mkono ukagota hewani kana kwamba pana ukuta. Wakajaribu dirisha, wakajaribu mlango wa uani, wapi. Bibi jirani akaleta mkeka. "Na akae hapa kwanza. Kwa mdomo huo, hata mlango umechoka."

Mtoto alikula kizingitini, akalala kizingitini. Mama alijilaza upande wa ndani, akiinuka kila mara kumgusa miguu.

Asubuhi akafungua rekodi. Nyumba ya zamani: mwisho tarehe kumi na nne. Nyumba mpya: mwanzo tarehe kumi na sita. Mtoto: kuzaliwa tarehe kumi na tano. Alirudia mara nne kutafuta kosa, hakuliona. Miaka sita iliyopita idara ilibomoa jengo lao tarehe kumi na nne jioni, ikagawa funguo keshokutwa yake. Katikati, Chiriku alizaliwa kwenye kibaraza cha duka, akapokelewa na bibi jirani. Kanuni ilisema kweli, na hilo lilimuuma kuliko kosa.

Mkuu wa idara, alipoombwa ruhusa ya kugusa tarehe za nyumba, hakuinua macho. "Tarehe zetu haziguswi, dada. Tulishatangaza kwamba hakuna aliyelala nje. Msogeze mtoto siku moja."

"Bosi, mimi nililala nje."

"Sasa unataka na yeye aendelee kulala nje?"

Hakutaka. Aliona aibu, akaandika kumi na sita. Kanuni ikakubali papo hapo.

Jioni Chiriku aliingia ndani mbio, akaulizia chakula. Bibi jirani alipita kusalimia, akamtazama sana mtoto yule aliyempokea kwa mikono yake mwenyewe.

"Mashallah. Huyu ulimzalia hospitali gani, mwanangu?"

Mama akaitaja hospitali.