Sauti Alizomtumia Orpa

Kwa miezi kumi na minne Nabintu na Orpa walikuwa marafiki bila kuonana uso kwa uso. Walijuana kwenye kundi la WhatsApp la wanawake waliotoka Kivu Kusini, ambalo mama mmoja wa kwaya alilianzisha mwaka 2013. Kila asubuhi watu walipeana habari: huyu mbuzi wa jirani wamemaliza mahindi yake, yule mtoto ameamka na homa, mwingine amepata kibarua Kabingo. Mwenye huzuni alitumiwa mstari wa Zaburi, mwenye furaha akapigiwa vigelegele. Nabintu alilima maharage katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nchini Uganda, na kumlea binti yake Anne peke yake. Alikuwa akisoma habari hizo kabla hata ya kuwasha moto.

Orpa aliishi Ruti, pale Mbarara, akishona nguo katika duka la mama wa Kiislamu aitwaye Swaleha. Alikuwa na kicheko kinachoanzia puani. Nabintu alikipenda kicheko hicho, na haukupita muda wawili hao wakawa wanatumiana sauti zilizorekodiwa pembeni ya kundi. Orpa alimweleza juu ya cherehani inayokata uzi na wateja wasioridhika. Nabintu akamweleza juu ya mvua iliyochelewa na Anne anayeongoza darasani. Mara mbili walipanga kuonana, na mara zote mbili Orpa alipata udhuru.

Machi 2014 Nabintu aliugua malaria, akalala wiki nzima. Orpa alimtumia sauti asubuhi na jioni. Siku moja alimwambia kwamba anasikia kuna jambo limemkaa Nabintu kifuani, na kwamba mzigo wa wawili ni mwepesi. Ndipo Nabintu akasema lile ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata mchungaji wake.

Mwaka 2009, watu wenye bunduki walipoingia kijijini kwao, mumewe Appolinaire alirudi nyuma kumchukua mama yake, na hakuonekana tena. Nabintu alijificha na Anne, aliyekuwa na miaka mitatu, ndani ya shimo la kuloweka mihogo. Maji yaliwafika kifuani. Watu wale waliposimama ukingoni, mtoto alitaka kukohoa. Nabintu alimjaza muhogo uliolainika mdomoni, akamkandamiza. Alimsikia akilegea mikononi, na hakuuondoa mkono wake mpaka vishindo vya miguu vilipokwisha. Mtoto alizinduka baadaye kando ya njia. Nabintu aliyasema hayo katika sauti tano. Ya mwisho ilikuwa kilio tu.

Orpa alijibu naye akilia. Alimwambia kwamba yeye si muuaji, ni mama. Siku ile Nabintu alikula chakula kwa mara ya kwanza tangu augue.

Mwezi wa tisa aliitwa kwenye usaili wa wakimbizi wanaoombewa nafasi ya kuhamia ng'ambo. Afisa alikuwa mwanamke mgeni, mpole, na mkalimani alikuwa mzee Kabanda wa hukohuko kambini. Nabintu alieleza tangu mwanzo. Alipofika kwenye shimo, afisa aliacha kuandika. Alipofika kwenye muhogo, afisa aliweka kalamu mezani na kusema maneno machache kwa Kabanda.

Kabanda hakumtazama Nabintu alipotafsiri. "Anauliza ni nani alikufundisha hii historia. Anasema kuna mama mwingine alishaieleza hivi hivi, mwezi wa sita."

Nabintu alisema ni yake. Afisa akasema faili litawekwa pembeni mpaka uchunguzi ufanyike.

Alirudi nyumbani akiwaza ni nani, ingawa alijua tangu alipokuwa bado kitini. Alijaribu kumtafutia Orpa sababu. Labda aliisimulia kwa mtu, na mtu huyo ndiye aliyeiba. Kesho yake asubuhi alifungua simu, akakuta Orpa ameandika kundini: amepita usaili, yeye na wanawe, wanangoja tu kupimwa afya. Wanawake walikuwa wamejaza nyimbo na pongezi.

Nabintu alimwacha Anne kwa jirani, akaenda Mbarara. Alipofika dukani alisikia kile kicheko kabla hajamwona mwenyewe. Orpa alikuwa mwanamke mfupi, mwenye futi ya kupimia nguo shingoni. Alimtambua Nabintu alipofungua tu kinywa kusalimu.

"Mama Anne," Orpa akasema, akasimama.

"Ulibaambia nini juu ya muhogo?" Nabintu akauliza, kwa Kiswahili cha kwao.

Swaleha aliwatazama wote wawili, akamwomba mteja wake watoke nje wakaangalie kitambaa kwenye mwanga. Orpa aliketi tena.

"Yangu haikukuwa na nguvu," alisema. "Mie nilikimbia bwana mwenye kunipiga, na njaa. Batu ba vile beko mingi. Hakuna mwenye kubaandika."

"Ile ni mutoto wangu, Orpa."

"Nilifikiri haitakupunguza kitu. Ungebaki nayo."

"Wakati ulikuwa unalia na mie, ulikuwa unaandika?"

Orpa alisokota futi kwenye vidole. "Nililia kweli," alisema. "Kisha nikaandika."

Nabintu hakumtukana. Alikuwa amejiandaa kwa uongo. Kwa ule ukweli hakuwa amejiandaa, akatoka nje. Swaleha alimkuta nje amekaa kwenye ngazi, akamletea chai. Alimwambia kwamba Orpa alimtaja kila siku, akisema ana dada yake Nakivale. Nabintu aliinywa chai, akashukuru, akaondoka.

Ofisini alirudi na simu. Sauti zote tano zilikuwemo, na tarehe ya Machi kwenye kila moja. Aliiweka simu mezani, akazifungua moja moja, na Kabanda akazitafsiri mpaka ile ya kilio, ambayo haikuhitaji mkalimani. Afisa aliuliza zilitumwa kwa nani. Nabintu aliwafikiria watoto wa Orpa. Kisha akataja jina.

Faili lake lilifunguliwa tena. Safari ya Orpa ilisimamishwa, naye akahama Ruti bila kumuaga Swaleha. Kundini watu waligawanyika. Mama wa kwaya mwenyewe aliandika: "Mwenzio angefika, wewe ungepungukiwa nini?" Wanawake ambao Nabintu aliwaombea wagonjwa wao, kwa majina, waliweka alama ya kukubali. Alisoma mpaka chini, akajiondoa.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, alimketisha Anne mlangoni wakichambua maharage. Afisa mgeni, mkalimani na mwizi walikuwa wameshaisikia habari ya shimo. Mtoto mwenyewe alikuwa bado. Nabintu alimweleza yote, hata mkono ambao hakuuondoa.

Anne alisema hakumbuki chochote. Alichambua kidogo, kisha akauliza bibi yake, yule ambaye baba alirudi kumchukua, aliitwa nani.

"Mukashema," Nabintu akasema.

Mtoto alilirudia jina lile taratibu, mara mbili.